Pini Niliyoisukuma Hadi Mwisho

Cheni ya baiskeli ikikatika haijifichi. Hutoa mlio mmoja mkavu, kama kijiti kilichovunjwa karibu na sikio, na papo hapo mguu unakosa pa kukanyagia. Mara ya kwanza kunitokea nilikuwa nimesimama juu ya pedali kwenye mpando wenye mizizi. Nilikuwa nimechelewa kupunguza gia, na nilipokumbuka nikapunguza huku nakanyaga kwa uzito wangu wote. Pedali ya kulia ikazama bure. Goti likagonga usukani, kifua kikaenda mbele, na nilipopata akili nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja pembeni mwa njia, vidole vimekazana kwenye breki. Cheni ilikuwa imelala vumbini hatua chache nyuma yangu.

Sikuwa na hofu. Mkobani nilikuwa na kitoa pini, kile kifaa kidogo chenye skrubu ya kusukuma pini za cheni, na nilikuwa nimekibeba karibu miaka miwili bila kukitumia. Nilikuwa nimewaona wengine wakikitumia, nikaamini kuona kunatosha. Nikaokota cheni, nikaitafuta pingili iliyoharibika, nikaibana kwenye kifaa, nikaanza kuzungusha. Pini ikaanza kusogea, laini kabisa, na kadiri ilivyosogea ndivyo nilivyozidi kuzungusha, kwa raha ya mtu anayeona kazi yake inakwenda. Ikatoka yote. Ikadondoka kwenye majani makavu.

Anayeijua cheni ameshaelewa nilichofanya. Pini ile ikishatoka yote, kuirudisha ukiwa umechuchumaa porini ni kazi inayokaribia muhali. Urefu wake haufiki sentimita moja. Tundu lake limebana kiasi kwamba haipiti bila kusukumwa na skrubu, na wakati unaisukuma lazima mabamba mawili ya nje na pingili ya ndani iliyo katikati yao yakae sawasawa, tundu zote zikabiliane, huku pini yenyewe imesimama wima bila chochote cha kuishikilia. Kazi hiyo inataka mikono minne, nami nilikuwa na miwili, tena yenye grisi. Nilijaribu kwa zaidi ya saa nzima. Mara tano pini ilidondoka nikaiokota. Mara ya sita sikuiona tena.

Nilitembea kilomita 11. Kwenye miteremko nilipanda nikaserereka, kwenye tambarare nilishusha siti nikawa nasukuma ardhi kwa mguu mmoja, na kwenye mipando nilikokota. Jambo moja nililifanya vizuri siku ile, nalo nililifanya kwa bahati tu: niliiondoa cheni yote nikaitia mkobani. Kipande cha cheni kinachoning'inia kinaweza kunaswa na spoku za gurudumu la nyuma, kikaukunja na mkono wa gia, ule wenye vigurudumu viwili unaoivuta cheni huku nyuma. Wapo walioanza safari na cheni iliyokatika wakafika na hasara mara tatu yake.

Njia ndefu ya kutembea humpa mtu nafasi ya kufikiri. Nilichokifikiria ni kwamba nilikuwa nimekigusa kitu kabla ya kukitazama. Nilijua pini inasukumwa. Sikujua inasukumwa kwenda wapi, wala inasimama wapi.

Wiki ile nilichukua cheni kuukuu, nikaiweka mezani chini ya taa, nikaitenganisha pingili moja baada ya nyingine. Sikuwa na haja ya kuitengeneza. Nilitaka kujua nilikuwa nimeshika nini siku ile. Pingili za cheni ya baiskeli ni za aina mbili zinazopokezana bila kuruka: ya ndani, ya nje, ya ndani, ya nje, hadi mwisho. Ya ndani ina mabamba mawili na kati yao vigurudumu viwili vidogo, ambavyo ndivyo vinavyokaa kwenye meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni mbele na nyuma. Ya nje ni mabamba mawili tu, yamewakumbatia jirani zake wa ndani, na pini ndiyo inayowashika wote. Kutoka pini moja hadi ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho hakibadiliki iwe baiskeli ya gia moja au yenye sproketi 12 nyuma. Kinachobadilika ni upana. Cheni ya sproketi 9 ina upana wa nje wa milimita 6 na nusu hivi, na ya 12 ina milimita 5 na ushee. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kunigharimu baadaye.

Cheni yangu ilikuwa na pingili 116, kwa hiyo pini 116. Nilizihesabu. Nilijifunza pia kwamba umbo lile nililokuwa nalo mezani lina umri mkubwa: Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alipata hataza ya cheni ya vigurudumu mwaka 1880, na miaka mitano baadaye baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley ikawa inaendesha gurudumu la nyuma kwa cheni. Hilo lilinitia moyo kuliko nilivyotarajia. Kitu kilichodumu muda wote huo bila kubadilika sana hakiwezi kuwa fumbo. Kilichohitajika ni mimi kukaa nacho kwa utulivu.

Nikakaa nacho. Nikagundua siri ya pini: unaisukuma hadi itoke kwenye bamba la karibu na kuivuka pingili ya ndani, lakini unaiacha imeshikiliwa na bamba la mbali, na ncha yake imechungulia kwa ndani kiasi cha nusu milimita hadi milimita moja. Ncha ile ndogo ndiyo mkono wa tatu. Ukiipachika pingili ya ndani juu yake inaingia kwa kubonyea kidogo na kujishikilia yenyewe, nawe unabaki na mikono yako miwili kwa ajili ya kifaa. Nikahesabu mizunguko ya skrubu kwenye kifaa changu mpaka vidole vikazoea. Nilirudia mara nyingi. Kisha nikachukua cheni yangu iliyokatika, nikaondoa pingili zilizoharibika, nikaiunga kwa njia ile ile, nikaizungusha ikazunguka vizuri, nikaridhika.

Wiki tatu baadaye ikakatika tena, palepale nilipoiunga.

Safari hii niliumia zaidi moyoni, kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Nilikuwa nimekaa kando ya njia naiangalia, kitoa pini tayari mkononi, alipofika mzee mmoja akiendesha baiskeli ya chuma yenye mikwaruzo mingi. Akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Cheni?"

"Cheni. Na niliiunga mwenyewe majuzi."

Hakuniomba kifaa. Alilaza baiskeli yake, akavua koti jepesi alilokuwa amevaa, akalitandika chini ya baiskeli yangu ili chochote kitakachodondoka kionekane. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijajiuliza: "Hiyo pingili iliyokatika iko wapi?"

Nikampa ncha ya cheni. Akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha. Bamba moja la nje lilikuwa limebanduka kutoka kwenye pini na kupinda kama ukucha ulioinuka. Pini yenyewe ilikuwa nzima. Akanionyesha pia pini za jirani, ambazo hazijaguswa tangu kiwandani: vichwa vyake vimegongwa vikatanuka kidogo, kama kichwa cha msumari uliopigwa, ili bamba lisichomoke. Pini yangu haikuwa na kichwa hicho. Nilipoisukuma kutoka, ule upanuzi ulikwanguka ukipita kwenye tundu la bamba, na tundu lenyewe likalegea. Niliporudisha, pini ilirudi lakini mshiko wake haukurudi.

"Zile cheni za zamani pini ilikuwa inatokeza nje," alisema. "Ungeweza kuitoa na kuirudisha, ikakaa. Hizi za gia nyingi zimefanywa nyembamba, pini imekatwa sawa na bamba. Ukiirudisha imekufikisha nyumbani, basi. Haikupeleki safari nyingine."

Kumbe kosa langu la pili halikuwa la mikono. Nilikuwa nimefanya kazi ya dharura kwa ustadi, kisha nikaichukulia kuwa matengenezo kamili. Niliipanda mipando yote ya wiki tatu juu ya pini isiyo na kichwa.

Na mipando si jambo dogo. Niliwahi kupiga hesabu baadaye, kwa kuwa nilitaka kujua cheni inabeba nini hasa. Mtu wa kilo 70 akisimama na uzito wake wote juu ya pedali moja, mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 175 ukiwa umelala, anakanyaga kwa nguvu ya kilo 70. Lakini cheni haivutwi pale kwenye pedali, inavutwa kwenye ukingo wa sproketi ya mbele, na sproketi ya meno 32 ina nusu kipenyo cha milimita 65 tu. Uwiano huo unafanya cheni ivutwe kwa kama kilo 190. Ukihamia sproketi ndogo ya mbele, ya meno 22, inavutwa kwa karibu kilo 275. Gia nyepesi inayompumzisha mguu haiipumzishi cheni hata kidogo. Cheni nzima huuvumilia mzigo huo ikivutwa moja kwa moja. Adui yake ni kuvutwa huku inasukumwa upande, na ndicho kinachotokea mtu anapobadilisha gia akiwa anakanyaga kwa nguvu: meno ya sproketi yanaliparua bamba la nje kutoka ubavuni, na kama kuna pini moja dhaifu kati ya 116, itajulikana hapo.

Mzee alikuwa na kopo dogo la bati, na ndani yake loki za cheni. Loki ni pingili ya nje iliyogawanyika nusu mbili, kila nusu ina bamba moja na pini moja. Unaziingiza pande mbili zikaelekeana, unazivuta, zinajifunga. Aliniuliza cheni yangu ni ya sproketi ngapi. Nikamwambia 9. Akachambua akatoa ya 9. Loki hutengenezwa kwa kufuata upana, akanieleza. Ya 9 kwenye cheni ya 11 italegea na kucheza, na ya 11 kwenye cheni ya 9 haitafunga.

Lakini hakuifunga mara moja. Kwanza aliinama nyuma ya baiskeli, akaangalia mkono wa gia kwa nyuma, jicho moja limefumbwa, kuona kama umesimama wima sambamba na sproketi. Cheni ikikatika inaweza kuuvuta na kulipinda lile sikio la fremu linaloushikilia. Ukishamaliza kuunga cheni na kuondoka, siku hiyohiyo utaweka cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma, mkono uliopinda uingie kwenye spoku, na hapo hakuna tena cha kuunga. Wangu ulikuwa umenyooka. Ndipo tukaondoa pingili ya nje yote iliyoharibika, na hapo pini iliyobaki unaisukuma hadi mwisho bila huruma kwa kuwa huihitaji tena. Ncha zote mbili zikabaki za ndani, kama loki inavyotaka. Na kwa kuwa loki ilichukua nafasi ya pingili ya nje moja kwa moja, cheni haikupungua urefu.

Kupitisha cheni kwenye mkono wa gia aliniachia mimi. Inashuka kutoka sproketi ya nyuma, inapita mbele ya kigurudumu cha juu, inakatiza kwenda nyuma ya kigurudumu cha chini, kisha inaelekea mbele. Nikapitisha, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akaniambia nitazame tena katikati ya vigurudumu viwili. Pale ndani kuna kijiulimi kidogo cha chuma, na cheni yangu ilikuwa imepita upande usio wake, inakisugua. Ningefunga loki, ningeondoka, ningeusikia mkwaruzo njia nzima bila kujua unatoka wapi. Nimekutana na watu kadhaa tangu hapo wanaosema cheni yao "inalia tangu iungwe", na wengi wao tatizo lilikuwa hilohilo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa zawadi kubwa ya siku ile. Mkono wa gia una springi, na unazivuta ncha mbili za cheni mbali na kila moja, hivyo unapotaka kuziunga unapigana nazo. Alitoa kipande cha spoku kuukuu kilichokunjwa ndoano pande zote mbili, urefu wa kiganja hivi. Akaingiza ndoano moja pingili ya pili upande huu, na nyingine pingili ya pili upande ule. Ncha zikakaa zimetulia zimelegea katikati, kama watu wawili walioambiwa wasubiri. Loki ikaingia bila taabu. Akaniambia niizungushe pedali polepole mpaka loki ifike upande wa juu, kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, nibane breki ya nyuma, nikanyage pedali kwa nguvu mara moja. Nikakanyaga. Ikasikika "tak", na mstari kati ya nusu mbili ukapotea.

Nilimrudishia ndoano yake. Akanifungia vidole juu yake. "Mimi nitakunja nyingine," akasema, akapanda baiskeli.

Huyo mzee sikumwona tena. Ndoano ninayo.

Nilichobadilisha baada ya siku ile ni namna ya kuanza. Cheni ikikatika, yangu au ya mtu mwingine, sitoi kifaa kwanza. Naisogeza baiskeli nje ya njia, natandika kitu chini, naangalia mkono wa gia, naikagua cheni yote kwa vidole, pingili kwa pingili, maana mara nyingi iliyokatika ina dada yake aliyekwisha pinda hatua tatu pembeni. Ukiunga moja ukaiacha nyingine, utarudi chini baada ya kilomita mbili. Ukaguzi wote huo hauzidi dakika tano. Na naisikiliza cheni kila siku, hata isipokatika. Pingili iliyokaza hutoa kidundo kidogo kila inapopita kwenye vigurudumu vya nyuma. Ukizungusha pedali kinyumenyume utaiona inaruka kama kifundo kwenye kamba. Dawa yake ni kuishika cheni pande mbili za pingili hiyo na kuikunja kidogo upande, kushoto na kulia, si juu na chini, mpaka ilegee.

Pia napima. Cheni haichakai kwa kurefuka mabamba, inachakaa kwa kuliwa pini na tundu zake, nusu ya unywele hapa, nusu ya unywele pale, na jumla yake inaonekana kwenye rula. Nafasi 24 za pini kwenye cheni mpya ni inchi 12 kamili, milimita 304.8. Zikifika 306.3 mimi naibadilisha. Nikisubiri hadi karibu 308, sproketi nazo zitakuwa zimeliwa kufuata cheni, na cheni mpya itaruka juu yake. Tangu nianze kupima, cheni yangu haijakatika tena.

Ya binamu yangu ndiyo iliyokatika, na hapo ndipo nilipojua kama nimejifunza au nimesimuliwa tu.

Ilikuwa mvua. Tulikuwa kwenye njia nyembamba yenye udongo mwekundu unaonata, umejaa kwenye kila pingili. Yeye alikuwa mbele, nikausikia ule mlio kabla hajasema neno. Alipogeuka uso wake ulikuwa umenyauka.

"Dada, imekatika."

"Nimesikia. Umeumia?"

"Hapana."

"Basi usiiguse. Tuitazame."

Cheni yake ilikuwa ya sproketi 11. Loki mbili nilizokuwa nazo kwenye kopo langu mwenyewe zilikuwa za 9, zile za baiskeli yangu. Nilikuwa nimeandamana na binamu yangu kwenye safari za kila wiki kwa mwaka mzima bila kufikiri kwamba cheni yake si yangu. Hapakuwa na njia nyingine ila pini, ileile ambayo mzee alisema hukufikisha nyumbani, basi.

Tuligeuza baiskeli ikasimama kwa siti na usukani, koti langu la mvua chini yake. Nikaosha ncha mbili za cheni kwa maji ya chupa na kuzifuta kwa soksi, kwani udongo ukiingia kwenye tundu, pini inaingia upande. Mkono wa gia ulikuwa salama. Bamba la nje lilikuwa limechanika, na pingili ya ndani iliyofuata ilikuwa imesokoteka. Kwa kuunga kwa pini lazima ncha moja iwe ya ndani na nyingine ya nje, kwa hiyo hata kama ile ya ndani ingekuwa nzima, ingebidi iondoke pamoja na ya nje iliyoharibika. Pingili mbili. Cheni ingefupika kwa milimita 25.4.

Niliondoa ya nje iliyochanika. Kisha nikabana kifaa kwenye pingili ya nje inayofuata, ile ambayo pini yake nilihitaji ibaki. Nikahakikisha ncha ya kifaa imeikabili pini katikati kabisa, maana ikienda mshazari ni ncha ya kifaa inayopinda. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kope. Nikazungusha nikihesabu kwa sauti, na binamu yangu akawa anahesabu pamoja nami. Nilipokaribia ile hesabu ya vidole vyangu nikarudisha skrubu nyuma, nikatoa cheni, nikatazama. Bado. Nikairudisha, robo mzunguko. Nikatazama. Robo nyingine. Nikajaribu kuikunja cheni upande kidogo, na pingili ya ndani ikachomoka kwenye ncha ya pini kwa kubonyea. Pini ikabaki imesimama kwenye bamba lake la mbali, ncha imechungulia.

Nilikaa kimya kidogo. Ilikuwa ni kazi ya sekunde chache, lakini ndani ya sekunde hizo palikuwa na zile kilomita 11.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulipitisha cheni, na alipoipitisha nilimwambia atazame kijiulimi, akakiona mwenyewe. Tukaiteremsha cheni kutoka sproketi ya mbele ikalegea. Ndoano ya mzee ikazishika ncha mbili. Pingili ya ndani ikaketi juu ya ncha ya pini, nikageuza kifaa upande wa pili, nikasukuma mpaka pini ikatokeza sawa pande zote mbili, kidogo sana, kiasi cha kuhisi kwa kucha. Pingili ikawa imekaza. Tukaikunja upande mara mbili ikalegea.

Hapo yeye alitaka kuondoka, na ni mimi niliyemzuia. Cheni iliyofupika ikiwekwa kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma inaweza kukosa urefu wa kuzunguka zote, ikaunyoosha mkono wa gia mpaka ukang'oka. Baiskeli yake ina sproketi moja tu mbele, kwa hiyo hatari yote ilikuwa nyuma. Tuliinua gurudumu, nikazungusha pedali kwa mkono taratibu, yeye akapandisha gia moja moja huku tukiutazama mkono wa gia ukinyooka. Kwenye sproketi ya pili kutoka kubwa ulikuwa umebaki na nafasi ndogo. Nikamwambia aishie moja kabla ya hiyo, na nikaizungushia waya wa kibadilishia gia utepe wa gundi pale kwenye usukani ili kidole chake kikumbuke.

"Umekaa, husimami," nilimwambia. "Kwenye mpando mkali tunashuka tunakokota. Ukitaka kubadilisha gia, acha kukanyaga kwa nguvu kwanza, legeza mguu, ndipo ubadilishe."

"Na hii itashika, dada?"

"Itatufikisha."

Zilikuwa kilomita 9. Nilikaa nyuma yake njia yote nikisikiliza. Tuliteremka mara tatu kwenye mipando tukakokota kwenye tope, na hakulalamika. Tulifika na taa.

Siku ya pili alinunua cheni mpya na loki mbili za 11, moja akanipa nikaitia koponi pamoja na zile za 9. Cheni ile kuukuu aliitaka kuitupa. Nilimwomba ailete mezani kwangu. Nikawasha taa, nikampa kitoa pini, nikavuta kiti pembeni yake na kuweka mikono yangu chini ya meza.

Akazungusha. Pini ya kwanza ikadondoka sakafuni. Akainama kuitafuta, nikamwambia aiache, zimebaki mia na zaidi.